Gari la Rimoti Ukumbini: Tuanze na Mota, Matairi au Sakafu?

Magari ya rimoti huingia Pemba kwa njia nyingi. Mengine huja ndani ya masanduku ya jamaa wanaorudi kutoka Maskati na Dubai. Mengine hununuliwa Darajani, Unguja, au Kariakoo, Dar es Salaam, kisha yakashushwa bandarini Mkoani. Yakifika hujaribiwa kwenye sakafu iliyo karibu: sebuleni, barazani au katika ukumbi wa skuli. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Gari lililokimbia vizuri kwenye lami, likiingizwa ndani huteleza, hugeuka nyuma mbele na kugonga ukuta. Mwenye gari akiuliza afanye nini, hupewa majibu yasiyopatana. Mmoja atamwambia mota ni dhaifu. Wa pili atasema matairi ni magumu. Wa tatu atamshauri akaze springi, na wa nne atamwambia tatizo si gari bali ni dereva.

Kila jibu kati ya hayo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanachanganya. Ushauri unaofaa juu ya zulia jipya unaweza kuliharibu gari hilohilo juu ya vigae. Makala haya yanapanga hoja hizo nne, yanaonesha nguvu na udhaifu wa kila moja, kisha yanazipima kwa mazingira ya Pemba, ambako kumbi ni za shughuli nyingi na vipuri hutoka ng'ambo ya maji.

Usuli: mchezo huu umetoka wapi

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayofanana kwa macho. Lipo gari la kuchezea watoto, ambalo usukani wake una hali tatu tu: kushoto, kulia na katikati. Vifaa vyake vimeunganishwa pamoja, na kikiharibika kimoja gari zima hutupwa. Halafu lipo gari la mbio, ambalo usukani wake hufuata kidole kwa kiasi kile kile kilichogeuzwa. Mota, betri, gia, springi na matairi yake hufunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa kimoja kimoja. Mjadala huu unahusu gari la aina ya pili. La kwanza lina marekebisho machache mno, na mara nyingi mwenye nalo hupoteza fedha akilitafutia mwendo ambao halikuumbiwa.

Magari ya mbio yalianza kuenea duniani katika miaka ya 1960 na 1970. Shirikisho la Ulaya la mchezo huu, EFRA, lilianzishwa mwaka 1973. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa Porsche 934 ya umeme, ndogo mara 12 kuliko gari halisi, na umeme ukaufanya mchezo uwezekane ndani ya nyumba bila moshi wala kelele za injini ya mafuta. Mwaka 1999 kampuni nyingine ya Japani, Kyosho, ilitoa Mini-Z, gari dogo mara 28 linaloendeshwa kwa betri nne nyembamba za aina ya AAA, ambalo uwanja wake unaweza kuingia sebuleni.

Ulaya na Amerika Kaskazini mbio za ukumbini zilistawi kwa sababu ya baridi na theluji. Pemba sababu ni nyingine. Masika ya Machi hadi Mei huzuia michezo mingi ya nje, jua la kaskazi hupandisha joto la mota, na viwanja vingi vya nje ni vya mchanga na udongo unaoingia kwenye gia. Ukumbi wenye paa ni suluhisho la kweli, lakini unaleta tatizo lake: nafasi ni ndogo na sakafu ni laini.

Hesabu ya kona

Kabla ya kusikiliza hoja za kila upande, tuweke kipimo kitakachotusaidia kuzilinganisha. Tuchukue uwanja mdogo wa umbo la yai: njia mbili zilizonyooka za mita 10 kila moja, na kona mbili za nusu duara, kila moja ikiwa na nusu kipenyo cha mita 1. Uwanja huo unaingia katika kumbi nyingi za skuli.

Kwa hesabu ya msingi, mwendo wa juu kabisa wa kupita kwenye kona hutegemea mambo mawili: upana wa kona na mshiko wa tairi juu ya sakafu. Nguvu ya mota haimo. Tukichukulia kwamba sakafu ina vumbi na mshiko wake ni sawa na nusu ya uzito wa gari, kona hiyo itapitika kwa mita 2.2 kwa sekunde, yaani kilomita 8 hivi kwa saa. Mshiko ukiongezwa ukawa sawa na uzito wote wa gari, mwendo hupanda hadi mita 3.1 kwa sekunde. Kila kona itakuwa imeokoa sekunde 0.4, na mzunguko mzima sekunde 0.8.

Sasa tuangalie njia iliyonyooka juu ya ile sakafu yenye vumbi. Mshiko huo mdogo hupunguza pia kasi ya kuondoka na uwezo wa kufunga breki. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, likiendeshwa bila kosa hata moja, litafika kilomita 26 kwa saa katikati ya njia kabla ya kulazimika kufunga breki. Gari jingine lenye mwendo wa juu wa kilomita 18 kwa saa tu litachelewa chini ya robo sekunde katika njia hiyo, yaani chini ya nusu sekunde kwa mzunguko mzima. Gari likiteleza mara moja na kugonga ukuta, faida ya mizunguko mingi hupotea kwa pigo moja.

Hoja ya kwanza: nguvu kwanza

Wanaoanza na mota wana sababu zao. Nguvu huonekana kwa macho na huleta msisimko. Mota za kawaida za ukubwa wa 540 zenye brashi za kaboni ni rahisi, lakini brashi huchakaa na nguvu hushuka polepole. Mota zisizo na brashi hudumu zaidi, hupoteza umeme kidogo kwa joto na hazihitaji matengenezo mengi. Betri za lithiamu za seli mbili, zenye volti 7.4, ni nyepesi kuliko za nikeli za seli sita zenye volti 7.2, na hushikilia nguvu yake karibu mpaka mwisho wa mbio.

Udhaifu wa hoja hii umeshaonekana kwenye hesabu: ndani ya ukumbi, nguvu ya ziada haina mahali pa kutumika. Upo pia udhaifu wa mwili wa binadamu. Dereva huchukua takriban robo sekunde kuona jambo na kuitikia. Gari likienda kilomita 36 kwa saa, katika robo sekunde hiyo limeshakwenda mita 2.5, ambazo kwenye ukumbi mdogo ni umbali wote uliobaki kabla ya ukuta. Kumpa mota kali mtu ambaye gari lake halishiki sakafu ni kutia tanga kubwa kwenye chombo kisicho na farumi.

Betri ya lithiamu nayo ina masharti. Kila seli haipaswi kuvuka volti 4.2 wakati wa kuchajiwa wala kushuka chini ya volti 3 wakati wa kutumika, na ikiwekwa kwa siku nyingi inafaa ibaki karibu na volti 3.8. Ikitobolewa, ikivimba au ikichajiwa kwa chaja isiyo yake, inaweza kuwaka moto. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka mkoa wa Tanga, kwa hiyo kuchaji si shida kubwa tena. Shida ni usimamizi. Palipo na watoto, betri ya nikeli ina uvumilivu zaidi. Na anayeletewa betri ya lithiamu kwa ndege ajue kwamba betri ya akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la chini, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Betri ya volti 7.4 na ampea-saa 4 ina wati-saa 30 hivi, chini kabisa ya kikomo cha kawaida cha wati-saa 100.

Hoja ya pili: matairi kwanza

Upande huu una msingi imara zaidi wa kisayansi, kwa sababu tairi ndicho kiungo pekee kinachogusa sakafu. Tairi la nje lenye kucha nene huweka eneo dogo la mpira juu ya sakafu laini, hivyo huteleza. Kwa ukumbini hutakiwa tairi laini lisilo na kucha. Yako makundi mawili: la mpira, ambalo ndani yake hutiwa sponji ya kulishikilia umbo, na la sponji tupu lililogundishwa kwenye rimu. La sponji hushika vizuri mno kwenye zulia na ndilo la kawaida kwa magari ya mbio yaliyopunguzwa mara 12. Juu ya vigae na saruji, la mpira laini ndilo linalofaa zaidi, kwani sponji hukusanya vumbi haraka na kupoteza mshiko.

Mapungufu yapo matatu. La kwanza ni upatikanaji: matairi mazuri huisha, na pea mpya haipatikani Chake Chake kwa siku moja. La pili ni dawa za kulainisha tairi zinazotumika kwenye mashindano mengi ya zulia. Huongeza mshiko, lakini huacha mafuta na harufu sakafuni. Katika ukumbi ambao kesho yake utatumika kwa mtihani, kwa maulidi au kwa harusi, jambo hilo halifai. La tatu linashangaza wengi: mshiko ukizidi, gari halitelezi tena bali hupinduka. Juu ya zulia zuri, madereva hulazimika kupaka gundi kali pembeni mwa matairi ya mbele ili kuupunguza mshiko waliouongeza wenyewe.

Hoja ya tatu: chesisi na springi

Wanaosimamia hoja hii wanasema matairi yale yale yanaweza kushika au kuteleza kulingana na jinsi uzito wa gari unavyohamia juu yake. Wanasema kweli, na ndani ya hoja yao ndimo mnamopatikana kiini cha ushauri unaopingana. Kwenye sakafu inayoteleza, uzito unatakiwa uhame ili ulikandamize tairi: springi ziwe laini, mafuta ya shokamzoba yawe mepesi na chesisi iinuliwe kidogo, milimita 6 au 7 kutoka chini. Kwenye zulia lenye mshiko mkubwa mambo hugeuka: springi ngumu zaidi, mafuta mazito zaidi na chesisi ishushwe hadi milimita 5 hivi ili gari lisipinduke. Kwa hiyo anayesema kaza na anayesema legeza wanaweza kuwa wakweli wote wawili, ila kila mmoja anazungumzia sakafu yake.

Yako marekebisho mengine yenye faida. Magurudumu ya nyuma yakielekezwa ndani kwa nyuzi 2 hadi 3, mkia hutulia wakati wa kuongeza mwendo. Magurudumu yakilazwa ndani kwa juu, nyuzi 1 hadi 2, tairi hukaa bapa sakafuni gari linapoinama kwenye kona. Difu ya nyuma ikikazwa kupita kiasi huyalazimisha magurudumu mawili kuzunguka sawasawa, na kwenye vigae mkia huchomoka.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inadai elimu, vipimo na subira, na si kila gari linaruhusu. Magari ya bei nafuu kama Tamiya TT-02, lililotoka mwaka 2013, huja na shokamzoba zisizo na mafuta, na ili kubadili nyuzi za magurudumu lazima ununue vifaa vya ziada. Tena, asiyejua anachokitafuta hubadilisha vitu vitatu kwa pamoja, kisha hawezi kusema ni kipi kilicholeta nafuu na ni kipi kilichoharibu.

Hoja ya nne: dereva na kanuni sawa

Hoja ya mwisho inasema gari lisishughulikiwe sana. Washindani wapewe mota moja na matairi ya aina moja, kisha aliye hodari ashinde. Hili si wazo la wanyonge. Msururu mkubwa wa mbio za magari haya barani Ulaya, Euro Touring Series, hutumia matairi ya aina moja kwa washiriki wa daraja lile lile, na madaraja mengi duniani huweka kikomo cha mota kwa kutaja idadi ya mizunguko ya waya ndani yake: kadiri mizunguko inavyokuwa michache, ndivyo mota inavyokimbia na kula umeme zaidi. Kanuni hizo hupunguza gharama na huwafanya wageni wabaki kwenye mchezo.

Faida nyingine ni kwamba mafunzo ya dereva hayana bei. Rimoti za kisasa za gigahezi 2.4 huruhusu kupunguza upeo wa mwendo, kulainisha mwanzo wa usukani na kuzuia magurudumu yasigeuke kupita kiasi. Gari lenye mota kali linaweza kufanywa pole kwa kubonyeza vitufe tu. Redio hizo pia zimeondoa kero ya zamani ya megahezi 27, ambapo magari mawili yenye masafa yaleyale yaliingiliana.

Udhaifu wake ni kwamba kanuni sawa haziondoi sakafu mbovu. Madereva kumi wenye magari yanayolingana juu ya vigae vyenye mchanga watateleza wote, na ushindi utabaki wa bahati. Lakini pia kanuni zikibana mno huua udadisi wa ufundi, ambao ni sehemu kubwa ya thamani ya mchezo huu kwa vijana.

Mazingira ya Pemba yanabadili nini

Mambo matatu yanaitofautisha Pemba na sehemu ambako vitabu vya maelekezo vimeandikwa. La kwanza ni sakafu. Ukumbi unaojengwa kwa ajili ya mbio huwekwa zulia la kudumu. Ukumbi wa skuli au wa mtaa una saruji iliyosuguliwa au vigae, na hutumiwa na watu wengi. Mchanga unaoletwa na viatu ni adui wa kwanza wa mshiko, na kuuondoa kunahitaji fagio, maji na kitambaa. Hakuna kipuri chenye faida kubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho.

La pili ni hewa ya bahari. Chumvi na unyevu hutia kutu beringi, skrubu na ncha za waya. Gari lililofutwa, likatiwa tone la mafuta kwenye beringi na kuhifadhiwa kwenye kisanduku kikavu, litadumu kuliko gari la gharama lililoachwa dirishani.

La tatu ni umbali wa vipuri. Mkono wa springi ukivunjika katika mji wenye duka la mchezo huu, mbio huendelea siku hiyohiyo. Pemba gari linaweza kukaa muda mrefu likisubiri kifurushi kivuke bahari. Kwa sababu hiyo, kila uamuzi unaopunguza migongano una thamani kubwa hapa. Mipaka ya uwanja ikiwekwa kwa mpira wa bomba la maji badala ya mbao ngumu, na kanuni ikiwataka wote watumie gari la aina moja ili waazimane vipuri, mchezo unaweza kuishi.

Kuzipima hoja

Tukizilinganisha kwa hesabu ya kona na kwa mazingira haya, hoja ya nguvu ndiyo dhaifu zaidi kwa ukumbini. Mota inayoweza kufika kilomita 25 kwa saa inatosha njia ya mita 10, na fedha zinazozidi hapo ni afadhali ziende kwenye matairi. Ukumbi mkubwa wenye njia ya mita 30 na zulia ungeipa hoja hiyo uzito zaidi, lakini si huo unaopatikana kwa wengi.

Hoja ya matairi inashinda kwa sayansi, ila inategemea sakafu iliyo safi. Tairi bora juu ya vumbi halina tofauti kubwa na tairi duni. Hoja ya chesisi inafuata, nayo ina maana pale tu matairi yanaposhika vya kutosha kuonesha tofauti. Hoja ya kanuni sawa haishindani na hizo. Inazifunga pamoja na kuamua kama mchezo utabaki wa wachache wenye jamaa nje au utakuwa wa skuli nzima.

Utaratibu unaofaa basi ni huu. Safisha sakafu na uipangie mipaka laini. Vaa matairi ya mpira laini yasiyo na kucha, ya aina moja kwa wote. Hakikisha gari linakwenda moja kwa moja lenyewe, magurudumu yakizunguka bila kukwama. Punguza upeo wa mwendo na wa usukani kwenye rimoti mpaka dereva amalize dakika 5 bila kugonga, kwani huo ndio urefu wa kawaida wa mbio za magari ya umeme yaliyopunguzwa mara 10. Kisha legeza springi na rekebisha kimo, jambo moja kwa wakati, ukipima muda wa mizunguko kwa saa ya simu na kuandika kwenye daftari. Mota iguswe mwisho, endapo gari linafika kikomo cha mwendo wake kabla ya mahali pa breki. Na ikiwa baada ya mbio mota ni ya moto kiasi cha kutoweza kuishika, gia yake ni ndefu mno: weka gia ndogo zaidi kwenye mota.

Kwa muhtasari

Mkanganyiko kuhusu gari la rimoti ukumbini unatokana na watu kutoa jibu kabla ya kuitazama sakafu. Vigae na saruji vinataka gari laini, la pole na lenye matairi laini. Zulia linataka gari gumu, la chini na lisilopinduka kirahisi. Katika kona za ukumbi mdogo mshiko huokoa muda kuliko nguvu, na kutokugonga huokoa muda na vipuri pia. Kwa Pemba, ambako kipuri ni safari na ukumbi ni wa jamii, mwalimu au kikundi cha vijana kinachotaka kuanzisha mbio kisitafute kwanza mota ya kasi. Kitafute ruhusa ya ukumbi, fagio, aina moja ya gari, pea za matairi ya akiba na daftari la kuandikia vipimo. Vitu hivyo vikiwepo, vijana watajifunza umeme, msuguano na nidhamu ya kupima kwa mikono yao wenyewe, na mwendo utaongezeka kadiri uwezo wao wa kuutawala unavyoongezeka.